Namba ya Kituo cha Mwisho

Mtaani walimwita Mama Mita, na hata ofisini, ambako jina lake kamili lilikuwa kwenye faili, walikuwa wameshalisahau. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Kwa miaka kumi na sita alikuwa kiguu na njia: anagonga geti, anasalimia, anainama, anafunua kifuniko cha chuma, anafukuza mende, anafuta kioo kwa dole gumba, anasoma tarakimu nyeusi, anaziacha nyekundu, anaingiza namba kwenye kimashine chake, anaaga. Mita mia moja na ishirini kwa siku. Mbwa wa mitaa ile aliwajua tabia kuliko alivyowajua wenye nyumba.

Kisha mumewe akafa. Aliugua wiki tisa, akapungua, akaisha. Msibani Mama Mita hakutoa chozi. Aliyelia ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwoka mikate mwenye mabega mapana kama kabati, aliyelia sehemu yake na ya mjane pia hadi ikabidi ashikwe. Watu wakanong'onezana kwamba mwanamke yule kajikaza kisabuni, ana moyo. Moyo wenyewe angeutoa wapi? Hakuwa akijikaza hata kidogo. Alikuwa amekufa ganzi tu, na watu wakaiita ushujaa.

Mwezi mmoja baada ya mazishi alisimama mbele ya geti la kijani, akainua mkono agonge, na mkono haukugonga. Hakuogopa, hakuchoka, hakukasirika. Haukugonga, basi. Akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akatazama kwenye kimashine namba ya mwezi uliopita ya nyumba ile, akaongeza kidogo, akaandika. Akafanya hivyo kwa nyumba ya pili. Kufika saa nne alikuwa amemaliza mtaa mzima bila kunyanyuka. Ofisini jambo hilo wanaliita kukadiria, na lina alama yake ya kuweka pembeni mwa namba, kwa siku ambazo geti limefungwa au mbwa hana mnyororo. Mama Mita hakuweka alama. Hakuna aliyemuuliza, maana namba zake zilipanda taratibu, zina adabu kuliko namba za kweli. Mwezi uliofuata akarudia, na ule uliofuata. Ikawa ndiyo kazi. Mchana alirudi nyumbani, akakaa jikoni mikono mapajani, akitazama mwanga wa dirishani ukihama kutoka kwenye jiko kwenda kwenye ndoo.

Aliyemtoa jikoni ni Fundi Bomba, na tumpe haki yake ingawa hakukusudia wema wowote. Fundi alikuwa akitengeneza mabomba ya kampuni ile ile. Mtu wa tumbo na maneno. Mdomo wake ulipumzika akiwa amelala, na mkewe alisema hata hapo si sana. Alikuwa ameona tangazo la mbio za vikundi kuzunguka bwawa: watu wanne, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa mtumbwi wa plastiki, ramani mkononi na hakuna wa kukuonyesha njia. Alishampata, kwa kuwa alijua kuogelea, dada wa mapokezi, ambaye ofisi nzima ilimwita Mapokezi tu. Walibaki wawili.

"Mama Mita, wewe si unatembea kutwa nzima?" alimwambia. "Miguu kama hiyo kuiacha ikae bure ni dhambi."

Miguu yenyewe ilikuwa na miezi mitano haijamaliza hata mtaa mmoja. "Sawa," alisema Mama Mita, kwa sababu kukataa kungehitaji sababu.

Wa nne akawa shemeji yake. Kila Jumamosi alikuwa akimletea mkate, wakakaa mezani mkate ukiwa katikati yao, kila mmoja akitafuta la kusema. Aliposikia kuna jambo wanaloweza kufanya pamoja bila maongezi, alilidaka kabla halijamaliza kusemwa.

Sheria za mbio zile ni chache. Wanne huondoka pamoja na kufika pamoja, na njiani hakuna kuachana zaidi ya hatua mia moja. Kuna vituo kumi. Kila kituo kina kibao, kibao kina namba, na mshika kadi huisoma na kuiandika. Honi ikilia kabla hujakabidhi kadi, hukufika, hata kama umesimama mita mbili kutoka mezani. Kadi alipewa Mama Mita, nani mwingine? Kusoma namba na kuziandika ndiyo ilikuwa riziki yake.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Fundi aliishika ramani juu chini kwa nusu saa na kubishana na kilima kwamba hakipaswi kuwa pale. Bwawani akapiga kasia upande usio wake mpaka mtumbwi ukaanza kuzunguka, ndipo wote wakasikia mtu akifoka: "Kulia, wewe! Kulia! Una masikio au vifuniko?" Wakageuka kutazama. Ilikuwa sauti ya Mama Mita. Alikuwa amekasirika, kabisa kabisa, na alibaki na hasira ile hadi wakagusa nchi kavu, akishangaa ilivyokuwa na joto. Jumapili alipoamka ilikuwa imekwisha, na jikoni palikuwa pale pale.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa wa kwanza kufika mazoezini.

Wote wanne ugonjwa ule uliwaingia. Mapokezi aliweka dira juu ya kaunta, akawa anawaonyesha wateja kaskazini iko wapi kabla ya kuwaonyesha dirisha la malalamiko. Fundi alirudisha mkanda matundu mawili. Shemeji alikanda unga amesimama kwa mguu mmoja, eti anaimarisha kifundo. Mama Mita hakuwa na vituko. Jumatatu hadi Ijumaa alikaa ukingoni mwa mtaro na kubuni namba. Jumamosi, kwa saa tatu au nne, baridi ilikuwa baridi na tope lilikuwa tope. Siku shemeji alipokalia siafu, Mama Mita alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu alirudi nyumbani na mlango ukajifunga nyuma yake. Hakumwambia mtu. Utamwambiaje mtu kwamba unaishi siku moja kwa wiki?

Mara ya pili walichelewa kwa dakika ishirini. Fundi, ambaye goti lake na mkewe walikuwa wameshaungana dhidi yake, akatangaza pale pale: "Tukishindwa mara ya tatu, timu naivunja. Mimi si kigeugeu, mnanijua."

Mama Mita alikwenda na maneno hayo nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kuwa na kitu cha kupoteza, na hata hilo alilijua kwa akili tu, kwa mbali.

Mara ya tatu walikwenda vizuri mpaka wakaanza kuogopa. Ramani ilishikwa na Mapokezi. Baiskeli hazikupasuka matairi. Mtumbwi ulikwenda mbele, unakoelekea mtumbwi wa watu wenye akili. Honi ilikuwa ya saa tisa alasiri, na saa nane na robo walikuwa wanapanda kilima cha kituo cha kumi, cha mwisho, na bendera za kumalizia wanaziona chini. Hapo msuli wa paja la Fundi ukakaza. Akaanguka kwenye majani akipiga kelele kama anayejifungua. Shemeji akamshika mguu, Mapokezi akaanza kuukanda, na Mama Mita akapanda mbele na kadi.

Kibao kilikuwa kimepigiliwa juu ya mwamba. Kutoka alipokuwa aliona nne, na baada ya nne kitu cha mviringo, jua limekipiga, huenda tatu, huenda nane. Zilibaki hatua thelathini. Alisimama. Hakufikiri chochote, ndiyo ajabu yake. Kama angefikiri angepanda. Mkono uliandika nane kwa mazoea ya miezi kumi na tatu, na mdomo ukaita: "Nimeandika! Geukeni!"

Walishuka wakimkokota Fundi, wakafika chini saa inasema nane na nusu. Dakika thelathini zimebaki! Shemeji aliruka juu ya mstari wa kumalizia mikono hewani, jitu zima linalia tena, safari hii kwa furaha. Mapokezi alikumbatia nguzo ya bendera kwa kukosa mtu wa karibu. Mezani alikaa mwanamke wa kofia ya njano, akapokea kadi, akaisoma juu hadi chini, na kabla ya kupiga muhuri akauliza swali ambalo bila shaka alimuuliza kila mshika kadi:

"Namba zote umeziona mwenyewe?"

Mama Mita alifungua mdomo aseme ndiyo. Kwa miezi yote ile hakuwahi kusema uongo. Alikuwa ameandika tu, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Neno lenyewe lilikuwa dogo. Lilikataa kutoka.

"Ya mwisho sikuiona," alisema.

Mwanamke wa kofia aliirudisha kadi mezani. "Muda bado upo. Mnaweza kurudi. Wote wanne."

"Hukuiona vipi?" Fundi aliuliza. "Si umeandika?"

"Nilikadiria."

Neno hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa kampuni ya maji. Fundi alimtazama usoni, akakumbuka jambo, na rangi ikamhama. "Ule mtaa wa geti la kijani. Waliniambia maji yanayoingia hayalingani na mita, eti kuna bomba linavuja chini. Nikachimba siku tatu nisione tone."

"Ule mtaa, na mingine," alisema Mama Mita. "Tangu mwezi ule baada ya msiba."

Alingoja kuona aibu. Haikuja. Kilichokuja ni hesabu tu: akili ilimwambia kwamba Fundi ana haki ya kumtukana, na kwamba Jumamosi zimekwisha. Shemeji alikuwa ng'ambo ya mstari, machozi hayajamkauka. Alimtazama shemejiye, akautazama mlima. Kisha akauvuka mstari kurudi, akatoa kamba ya kuvutana mkobani, akajifunga kiunoni, akamfunga Mama Mita, na ncha iliyobaki akamtupia Fundi.

"Shika, kaka," alisema. "Matusi utayatoa tukifika juu."

Walipanda. Fundi alichechemea na kulaani kila jiwe kwa jina lake. Mapokezi alisukuma kutoka nyuma na kuhesabu dakika kwa sauti hadi wakamwomba anyamaze. Kumi na mbili. Kumi. Hata ukishuka mbio kutoka kileleni ni dakika kumi, na kilele bado. Walijua. Hakuna aliyesema turudi, na mimi sijui kwa nini, wala wao nadhani hawajui. Walikuwa chini ya mwamba honi ilipolia, ndefu, ikapita juu ya bwawa na kurudi.

Fundi akakaa chini. Mapokezi akakaa. Mama Mita akaendelea kupanda, na kamba ikamvuta shemeji nyuma yake, hatua zile thelathini, mpaka akaweza kuweka kiganja juu ya kibao. Rangi ilikuwa na joto la jua. Akaisoma, akaisoma tena.

"Ngapi?" Mapokezi aliuliza kutoka chini.

"Arobaini na nane."

"Na uliandika ngapi?"

"Arobaini na nane."

Fundi akacheka kicheko kibaya, cha mtu aliyeibiwa na kurudishiwa pochi tupu. "Kwa hiyo ilikuwa sahihi! Tulikuwa tumefika! Ungesema ndiyo tu, mama, ungesema ndiyo, sasa hivi tunakunywa soda!"

"Sikuwa nimeiona," alisema Mama Mita.

"Basi sasa umeiona. Hongera. Na mimi nilisema mara ya tatu ni ya mwisho. Timu hakuna."

"Hapana."

Lilimtoka kabla hajajua kwamba analo. Akashuka kutoka kwenye mwamba kwa makalio, kamba imemzonga, akaja kupiga magoti kwenye changarawe mbele ya Fundi. "Usivunje. Nakuomba, Fundi. Nakuomba." Wiki zile tisa za hospitali hakumwomba mtu. Wengine waliwaomba madaktari, wakamwomba Mungu kwa sauti, yeye akakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Sasa alikuwa akimsihi fundi wa mabomba kwa ajili ya mchezo wa kupigana na tope, na sauti ilikuwa imeharibika, na pua inatiririka, na kilio kikaja kwa nguvu hadi akashindwa kupumua vizuri. Hakikuwa cha kadi wala cha honi. Alimlilia mume wake. Shemeji alisimama pembeni ameshika kamba kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza ni yeye aliyekuwa na macho makavu.

Fundi aliangalia bwawa muda mrefu, mtu asiyejua kunyamaza akinyamaza.

"Jumatatu saa mbili," alisema mwishowe, kwa ukali. "Tunaanza na ule mtaa niliochimba. Kila kifuniko. Mimi nafunua, wewe unapiga magoti hivyo hivyo na kunisomea kwa sauti. Halafu twende kwa meneja ukamwambie mwenyewe, na akikufukuza, akufukuze."

"Sawa," alisema Mama Mita, akifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Na Jumamosi?"