Ukuta wangu wa tofali za matundu umevunjwa leo

Leo mke wangu kanimaliza mbele ya fundi.

Nyumba yangu hapa Ilongero mnaijua. Ya kwanza ya simenti kijiji kizima, tangu enzi za Ujamaa, sebule ina ukuta wa tofali za matundu.

Mwanangu Saidi kaja na fundi wauvunje, waweke dirisha la kioo.

Nikasimama mbele ya nyundo. "Huu nimejenga mimi! Hauvunjwi!"

Mama Saidi akatoka jikoni. "Tofali tulifyatua sisi wanawake. Wewe ulichota maji."

Haya. Nikamwambia basi autetee yeye.

Akamgeukia fundi. "Vunja, baba. Vumbi la hayo matundu nimefagia mpaka mgongo umepinda."

Umevunjwa.

Nimekaa nje, nimechoka hata kubisha. Ila mliokuwepo enzi zile semeni: bila maji simenti ingeshika?