Kinachozidi ni cha Nani

Mtoto wa dada yangu alirudi kutoka shule akanitupia daftari mapajani. Hakunisalimia.

"Mamdogo, umeniponza. Mwalimu kasema wote wenye jibu la thelathini wasimame. Tukasimama."

Yuko darasa la nne. Jana yake nilikuwa nimemsaidia hesabu za mafumbo, zile zinazoandikwa kwa maneno. Fumbo lilikuwa hili: mama ana mayai ishirini na nne, ambayo ni sita zaidi ya mayai ya shangazi. Shangazi ana mayai mangapi? Nilimwambia akiona neno zaidi ajumlishe. Mimi nilifanya hivyo miaka yote mpaka darasa la saba, na shule yangu ikaishia hapo.

"Alhamisi tuna mtihani," akasema. "Nitamuuliza jirani. Wewe basi."

Hilo "wewe basi" lilinikaa rohoni. Mbele za watu siwezi kuongea, hata dukani naagiza chumvi kwa kunong'ona. Kwa mtoto huyu tu ndipo nilikuwa mtu anayejua kitu.

Kesho yake, kwenye kibanda cha ushonaji pale Mfaranyaki ninapojifunza kazi, sikutulia. Nilishona pindo la sketi likatokea nje badala ya ndani. Nikafumua, nikashona, nikafumua tena. Nikatoka kuchota maji wakati ndoo ilikuwa imejaa.

"Leo umekuja kushona au kufumua?" aliuliza fundi wangu, mama asiyeishiwa utani. "Au kuna mwanaume?"

"Hapana, mama."

"Basi nikatie mikanda miwili ya hili gauni."

Nikakata, nikaishika mikanda hewani, nikasema inalingana. Akaninyang'anya, akailaza mezani mmoja kando ya mwingine, akainyoosha.

"Panga mwanzo na mwanzo. Umeona huku kinachozidi? Sasa utafanyaje?"

Nilikuwa nakitazama kile kipande. Kilikuwa cha mkanda mrefu. Siku zote nililichukua neno zaidi kama amri ya kujumlisha, kumbe kwanza nilitakiwa kuuliza nani kamzidi mwenzake.

"Unapunguza ule mrefu," fundi akajijibu mwenyewe. "Usinitolee macho."

Jioni nilimwomba vipande viwili vya kitenge, kimoja kirefu kuliko kingine, nikaenda nyumbani mbio mbio mpaka kandambili ikachomoka. Mtoto alikuwa anaosha vyombo nje. Nikavitandaza kwenye mkeka, mwanzo na mwanzo.

"Nilikosea," nikamwambia. "Njoo. Kipi ni cha mama?"

"Sijui."

"Soma fumbo."

Akasoma kwa kuvuta maneno, huku mikono inachuruzika maji. "Kirefu. Mama ndiye mwenye mengi."

"Na ishirini na nne iko wapi?"

Akagusa kile kinachozidi, akasita, kisha akapitisha kidole kwenye kitambaa kizima. "Yote hii. Hiki cha mwisho ndiyo sita." Akakikunja kwa ndani, vitambaa vikalingana. Jibu hakunitajia. Aliingia ndani kuchukua penseli, akachora visanduku viwili virefu, kimoja kikizidi kingine, na ndani ya kile kifupi akaandika kumi na nane.

Siku ya mtihani sikushona kitu cha maana. Ijumaa pia, kila sare za shule zilipopita barabarani nilinyanyuka kwenye kiti, fundi akanicheka. Mwisho mtoto akaja, akaweka karatasi ya mtihani juu ya cherehani. Fumbo lilikuwa na alama ya vema. Lakini visanduku vyake vilikuwa vimekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa: usichore kwenye karatasi ya mtihani.

Nikaanza kumwomba radhi.

"Mbona unahangaika?" akasema. "Siku nyingine nitachora kwa penseli, halafu nifute."

"Ufute polepole. Karatasi hizo zinachanika."

"Najua. Tumepewa mafumbo mengine kumi. Unatoka saa ngapi?"