Kumtazama Asiye na Mpira

Kaka yangu alipoteza macho yake katikati ya mabishano, na kwa muda mrefu mimi nilidhani anashindwa mabishano tu.

Tulikuwa tukibishania mpira wa kikapu: nani mkubwa kuliko wote waliowahi kucheza katika ligi ya kulipwa ya Marekani. Yeye ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Myanga, upande wa Bungoma. Mimi hupima unyevu wa mahindi kwenye ghala moja Kitale. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ndege. Lakini ndugu hawawezi kukaa pamoja bila kitu cha kuzungumza. Wengine huzungumza mipaka ya shamba. Sisi shamba letu liligawanywa bila ugomvi, kwa hiyo tukabaki na kikapu.

Alikianza yeye. Alikicheza chuo cha ualimu, kwenye uwanja wa saruji uliopasuka, na aliporudi nyumbani likizo alinionyesha kwa mikono namna ya kudunda mpira bila kuutazama. Mkufunzi wake mmoja alikuwa na mashine ya video na kanda moja ya mechi. Wakati fulani kaka yangu alinichukua hadi huko, tukakaa sakafuni, nikamwona kwa mara ya kwanza mtu akiruka na kubaki hewani kana kwamba amesahau kushuka. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Sikuwa na timu, sikuwa na chama, sikuwa na jambo lolote la kutetea. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nalo.

Majina yao halisi hayana kazi hapa, kwa sababu nyumbani tuliwapa ya kwetu. Huyo wa kwenye kanda tulimwita Mwewe. Baadaye, katika gazeti kuukuu nililonunua sokoni Kitale, tulimkuta jamaa mrefu wa zama za picha nyeusi na nyeupe, tukamwita Mnara. Na wa tatu alikuja tukiwa tumeota mvi, wakati kila mtu ana simu ya kutazamia mechi: mwembamba, uso wa mtoto, anayetupa mpira kutoka mbali hadi unadhani amekosea. Huyo tulimwita Manati. Kaka yangu alimshika Mwewe na hajawahi kumwachia. Mimi, baada ya kufikiri kwa miaka kadhaa, nilihamia kwa Manati.

Nasema baada ya kufikiri kwa sababu nilikuwa na njia. Kazini kwangu gunia la mkulima wa Endebess aliyevuna jana haliwezi kulinganishwa na gunia la yule aliyeanika wiki mbili. La kwanza ni zito zaidi, lakini uzito wake mwingi ni maji. Kabla ya kusema lipi lina mahindi mengi, unapiga hesabu ya kuyashusha yote mawili hadi ukavu mmoja. Nikaona zama za wachezaji ziko hivyo. Mnara alicheza wakati warefu walikuwa wachache. Toa maji hayo. Mwewe alicheza wakati mlinzi aliruhusiwa kumshika mshambuliaji kiunoni kwa mkono, mwongezee. Manati anacheza wakati mstari wa pointi tatu upo na kila timu inautumia, mpunguzie. Nilimweleza kaka yangu haya yote, hatua kwa hatua, tukiwa sebuleni kwake.

Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza watoto wa darasa la sita.

"Kwa hiyo wewe unaanika watu juani," alisema.

"Nasema tulinganishe kitu kimoja, Mwalimu." Namwita Mwalimu, kama kijiji kizima.

"Ukimaliza kumkausha Mwewe, bado ataruka?"

"Si suala la kuruka."

"Basi umelinganisha makapi, bana. Mimi naongea mchezo."

Shemeji, mke wake, alipita na sufuria. "Hao watu wenu wanalipwa kucheza," alisema. "Nyinyi mnapiga kelele bure, na kuku hajafungiwa."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nilikuwa nikifika Myanga Jumapili moja kila mwezi hivi, na yeye akija Kitale akiwa na shughuli. Tulitazama, tulibishana, tulikula. Sikuwahi kufikiria kwamba hicho ni kitu kinachoweza kwisha.

Kisha kaka yangu akaanza kubishana vibaya. Siku zote alikuwa mkali lakini mwenye macho. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mchezo hauko kwenye mpira; uko kwa wale wanne wasio na mpira, na anayejua kutazama huwatazama hao. Sasa alianza kusema mambo ya mtu anayeutazama mpira tu. "Huyo Manati wako anasimama tu, mpira unamfikia, anatupa. Ni bahati." Nilipomwambia kwamba Manati huwa amekimbia mbio ndefu nyuma ya migongo ya wenzake kabla mpira haujamfikia, alicheka. "Mbio gani? Mbona mimi sizioni?" Nikadhani ni ukaidi wa uzee. Nikafurahi kidogo, hata. Niliona hoja zake zinaisha.

Siku moja alikuja kwa mazishi ya rafiki yake huko Ndalu, akalala kwangu Kitale. Kesho yake asubuhi nikaweka mechi kwenye televisheni. Nilisimamisha picha mahali ambapo Manati amempa mwenzake mpira na kuanza kuzunguka kona.

"Mtazame sasa huyu asiye na mpira."

"Yuko wapi?"

"Hapo pembeni. Kulia."

Kaka yangu aligeuza kichwa chote, si macho, kama kuku anayetafuta punje. Alikigeuza polepole hadi uso wake ukaelekea kona ya televisheni.

"Ah. Huyo," alisema. "Ametokea wapi?"

Hakuwa ametokea popote. Picha ilikuwa imesimama. Nikamtazama yeye badala ya televisheni, nikaona alivyokuwa ameketi, mabega yameelekea mbele, na kikombe cha chai nilichomwekea upande wa kushoto kikiwa hakijaguswa, kimepoa. Nikakisogeza mbele yake. Akakinywa mara moja. "Kumbe ulikuwa umeniwekea," alisema.

Tulienda hospitali ya macho wiki hiyo. Daktari alikuwa binti mpole. Alimwekea kidevu kwenye mashine na kumtaka abonyeze kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, naziona nukta. Zilikuja juu, zikaja pembeni, zikaja chini, na kidole cha kaka yangu kilikuwa kimetulia juu ya kitufe, kikisubiri kwa uaminifu.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alieleza kwamba huanza kula pembeni na kuja katikati, bila maumivu, na kwamba mgonjwa huwa hajui kwa sababu hakuna giza analoliona; sehemu hiyo haipo tu. "Kilichokwenda kimekwenda, Mzee," alimwambia. "Sasa tunalinda kilichobaki."

Kaka yangu alifikiri. "Kwa hiyo naona kama kwa bomba."

"Ndiyo."

"Na bomba linaenda likiwa jembamba."

"Tutajaribu lisiende."

Nikafanya ninachofanya siku zote, nikasoma. Nilijifunza mshipa wa jicho unavyokaa, maji ya jicho yanakotokea na yanakotoka, dawa gani hupunguza nini. Ndani ya miezi michache ningeweza kumchorea mtu yeyote jicho zima na kumwonyesha kila sehemu. Haikusaidia chochote. Nilizoea kuamini kwamba jambo likieleweka vizuri huwa limepungua ukubwa. Hili nililielewa, nalo likabaki lilivyokuwa. Shemeji, asiyejua hata jina la ile dawa, alimtia matone kwa saa alizoambiwa, bila kukosa. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji. Presha ilishuka. Lakini mwanga wa macho haukubaki. Daktari alisema huwa hivyo kwa baadhi ya watu, na nilipomuuliza kwa nini hao baadhi, alinitazama kwa huruma akasema hajui.

Mwaka huu anaona mlango unapofunguliwa, na kama kuna mtu amesimama mbele ya dirisha. Basi.

Jumapili iliyopita nilifika kwake akiwa ametoka kanisani, amekaa kwenye kiti chake, bado amevaa koti. Nilikuwa nimekuja na nia. Nilitaka amwone Manati asiye na mpira hata mara moja, kwa njia yoyote. Nikaomba vifuniko vya soda kwa shemeji, nikavipanga juu ya meza, vitano hivi na vitano vile, nikamshika kaka yangu mkono na kumwekea kidole juu ya kimoja.

"Huyu ni Manati. Huyu ni mlinzi wake. Sasa anatoa mpira, anakwenda huku." Nikasogeza kifuniko na kidole chake pamoja. "Mwenzake amesimama hapa kumzibia mlinzi. Anapita nyuma yake."

Kidole chake kilikwenda kutafuta mlinzi, kikagonga vifuniko viwili vikaanguka sakafuni. Niliokota nikapanga upya. Tukaanza tena. Alipompata mlinzi alikuwa amempoteza Manati. Alipompata Manati, yule wa kumzibia alikuwa amesahaulika. Kitu ambacho uwanjani humalizika kabla hujavuta pumzi, sisi tulikifanya hadi chai ikaja.

"Hii ni ramani," alisema hatimaye, akaondoa mkono. "Mimi nilikuwa nataka mwendo."

"Turudie polepole."

"Polepole ndiyo shida yenyewe. Mwewe nilimwona. Huyo wako sijamwona, na sitamwona. Hesabu yangu inaishia macho yalipoishia."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayefunga darasa. Mimi nikashindwa kuvumilia. Nikasema nimefikiri sana, na kwa kweli, ukiangalia vyote, Mwewe ndiye mkubwa. Nikasema nimekubali.

Shemeji, aliyekuwa akimimina chai, alisimamisha birika.

Kaka yangu alinigeukia. Uso wake ulikuwa umeelekea karibu nami, lakini si kwangu hasa.

"Rudisha hiyo," alisema.

"Mwalimu, nimekubali tu."

"Ati umekubali. Miaka yote hii hukukubali nikiwa naona, unakubali leo? Rudisha. Usinipe kitu kwa sababu ya macho." Akapapasa meza, akakipata kikombe. "Kunihurumia wako watu. Kanisa zima linanihurumia. Wewe ulikuja kubishana. Weka mechi, unisomee."

"Nikusomee?"

"Si una macho? Soma."

Nikatoa simu. Nikatafuta mechi, nikaanza kumsomea kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Manati ana mpira juu, upande wa kushoto. Ametoa. Anatembea, kama amechoka. Mlinzi ameangalia mpira. Sasa Manati ameondoka, anakimbia chini ya kikapu, anapita katikati ya wawili, mlinzi amegonga kifua cha mtu, Manati ametokea upande wa pili peke yake, mpira umemfikia, ametupa. Umeingia.

Kaka yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Niliona midomo yake ikisogea kidogo, akiipanga ile njia mahali fulani ndani.

"Alipokimbia chini ya kikapu," alisema, "alipita mbele ya yule mrefu wao au nyuma?"

"Nyuma," nilisema.

Nikarudisha picha nyuma kuhakikisha, kwa mazoea, ingawa hakuna aliyekuwa ananikagua. Alipita mbele. Lilikuwa jambo dogo, hatua moja tu. Lakini hatua hiyo ndiyo hoja: kupita nyuma mtu yeyote anaweza, kupita mbele ya mtu mrefu kiasi hicho bila kuguswa ndiko kunakomfanya Manati awe Manati. Nilikuwa nimemnyima sifa yake mchezaji wangu mwenyewe, na ningeweza pia kumwongezea. Ningeweza kusema aliruka ukuta. Niligundua, nikiwa nimeshika ile simu, kwamba kuanzia sasa mechi zote zitakazochezwa zitakuwa vile nitakavyosema mimi, na kwamba sikuwa nimelitaka jambo hilo hata siku moja.

"Samahani, Mwalimu," nilisema. "Ni mbele. Alipita mbele."

Nikasubiri. Zamani angeshika simu mwenyewe. Angesema nimeona ninachotaka kuona, angesimamisha picha, angeniita mwizi wa pointi, angemwita shemeji aje awe shahidi.

"Haya," alisema kaka yangu. "Mbele."

Akanywa chai. Nami nikaendelea kusoma.