Mama Nilijua na Chuma Kinachorefuka

Mumewe ndiye aliyeanza kumwita Mama Nilijua, watoto wakadaka, na kabla ya mwaka kwisha hata mawifi walikuwa hawamwiti vingine. Jina lilimkaa. Maziwa yakichacha, alijua. Timu ya mumewe ikifungwa, alijua tangu ilivyoingia uwanjani. Wifi yake mdogo alipoachwa na mchumba, watu wote walimpa pole, yeye akasema alijua tangu siku ile jamaa alipokuja kujitambulisha na kamba za viatu zikiburura chini. Hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Ni ugonjwa tu, na wengi tunao, ila yeye wake ulikuwa sugu.

Sasa Mungu naye ana utani wake, maana mwanamke huyu alikuwa mkaguzi wa hataza, zile hati za serikali zinazomlinda mvumbuzi asiporwe wazo lake. Alifanya kazi ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye dirisha lisilofunga sawasawa, akalibana kwa gazeti lililokunjwa. Kila ombi lililomfikia lilimtaka ajibu maswali mawili. Je, kitu hiki ni kipya? Hilo si gumu, unapekua mafaili mpaka upate au ukose. La pili ndilo lenye kazi: je, kitu hiki kingekuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida wa fani hiyo?

Huyo Fundi wa Kawaida hajazaliwa wala hatazaliwa. Ni mtu wa kubuni tu, wa kupimia. Amesoma kila kilichoandikwa kuhusu kazi yake, mikono yake ni mizuri, lakini katika maisha yake yote hajawahi kupata wazo lake mwenyewe. Pale ofisini walimfanya mfanyakazi mwenzao. Sukari ikiisha kabla ya wakati, aliyeimaliza ni Fundi wa Kawaida.

Ugumu wenyewe ni huu: mkaguzi analijibu swali hilo wakati jibu la mvumbuzi liko wazi mezani pake. Na kitendawili kikishateguliwa, nani asiyekijua? Ndiyo maana wakaguzi wapya huonywa mapema wasije wakajidanganya kwamba wangeliona wenyewe. Aliyekuwa akiwaonya ni Mama Nilijua. Nyani haoni kundule.

Faili lililomtia adabu lililetwa na mume na mke wenye karakana ya kuchomelea vyuma. Walitengeneza kiungo cha kenchi, yaani ile mifupa ya chuma inayobeba paa. Kila bomba la kenchi lina urefu wake, na moja likipungua upana wa kidole tu, kenchi nzima inakaa upande. Kiungo chao kilikuwa na skrubu nene kila ncha, moja hesi yake, ile mifereji inayoizunguka, inapinda kulia, nyingine kushoto, na bomba katikati. Ukizungusha bomba, ncha zote mbili zinatoka pamoja au zinaingia pamoja. Kenchi inanyooka ikiwa hukohuko juu, unakaza nati za kufungia, unashuka, kazi imekwisha.

Mama Nilijua alilisoma faili na kutabasamu. Vifaa vya kukazia waya vyenye hesi mbili za kupingana vipo tangu enzi za mababu. Kenchi nazo zipo. Chukua hiki, pachika pale. Akaandika kwamba ni dhahiri, ombi limekataliwa. Wenyewe wakajibu, akakataa tena. Kilichobaki ni kikao kimoja cha kuwasikiliza, siku ya Jumatatu, na wakikataliwa hapo faili linafungwa moja kwa moja na kiungo kinakuwa mali ya kila mtu. Mke alikuwa ameandika kwamba karakana kubwa ya ng'ambo ya barabara imeshaanza kukiiga, na inawaambia wateja kitu chenyewe hakina mwenyewe. Mama Nilijua aliwaonea huruma kweli. Lakini huruma haimo katika yale maswali mawili.

Jumamosi kabla ya kikao alikuwa uani akianika mashuka. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa amekuja kumwona kaka yake na kumkosa, akawa amekaa kwenye benchi na kikombe cha chai. Huyo naye alikuwa fundi wa kuchomelea, tena mwenye jina. Paa la uani walilokuwa chini yake alilijenga yeye mwaka uliopita, na bomba mojawapo lilikuwa na nundu ya kiraka. Lilikuwa limepungua. Ilibidi nusu ya paa ishushwe, bomba likatwe, liungwe, lichomelewe, lipandishwe tena, na muda wote huo Mama Nilijua alisimama chini akiwaelekeza.

Akaiangalia ile nundu, akamuuliza, "Hivi shemeji, lile bomba lilipopungua, hapakuwa na njia nyingine?"

"Njia gani? Chuma si mpira, shemeji yangu. Kikipungua unakata, unaunga kipande, unachomelea. Nenda popote, watakwambia hivyohivyo."

Shuka moja lililolowa lilikuwa linataka kugusa ardhi. Shemeji akainuka, akakishika kile kichuma cha kukazia waya wa kuanikia, akakizungusha mara mbili tatu, waya ukanyanyuka, naye akarudi kwenye chai yake.

Mama Nilijua akangoja. Shemeji akapuliza chai, akanywa. Hakuna kilichomjia.

Alimtazama shemeji, akatazama waya, akatazama paa. Basi Fundi wa Kawaida amezaliwa, na ni shemeji yake. Halafu akakumbuka kwamba hata yeye hukizungusha kichuma kile kila anapofua, chini ya paa lilelile lenye nundu, na hakuna siku wazo lolote lilimpitia kichwani. Kicheko kikampanda kutoka tumboni, akashika nguzo asianguke. Shemeji akajikagua shati, labda kuna kitu.

"Sikujua," akasema akijifuta machozi. "Wallahi sikujua."

Mumewe alikuwa ndio kwanza anaingia na mkate kwapani. Alisimama palepale langoni, akamwomba arudie, kisha akamuuliza kwa upole kama anaumwa.

Jumatatu alifika ofisini kabla ya wenzake. Kicheko si ushahidi, na shemeji haandikwi kwenye uamuzi. Akayafungua upya yale maandiko mawili ya zamani aliyoyategemea, safari hii akiyasoma kama mtu asiyejua anakokwenda. Kumbe la kenchi lilisema waziwazi kwamba viungo vichomelewe visicheze kamwe, kwa kuwa kinachozunguka hulegea. Fundi wa Kawaida, mtiifu kwa vitabu vyake, angeikimbia skrubu. La kukazia waya nalo lilizungumzia kuvuta peke yake, wakati bomba la kenchi huvutwa na pia husukumwa. Yote hayo yalikuwepo siku zote. Aliyaruka kwa sababu alishajua aendako.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Alikwenda kwa mkuu wa kitengo, akamwambia ataandika kwamba barua zote mbili za kukataa ni zake, na zote mbili zilikosea. Mkuu alimwomba atoke kidogo, akafunga mlango, na huku nje wakamsikia akicheka. Alipofungua alikuwa amerudisha uso wa kazi, akakubali.

Mvumbuzi alikuja na koti lenye mistari ya kukunjwa, mkewe amebeba kiungo ndani ya kitambaa. Hata hawajakaa vizuri, Mama Nilijua, mkuu wa kitengo akiwa kando yake, akawaambia pingamizi zimeondolewa, hataza wanapewa.

Mvumbuzi akasimama, akakohoa. "Waheshimiwa, kwanza kabisa..."

Mkewe akamvuta koti. "Baba, wameshakubali."

Akasema amesikia na anashukuru, ila hotuba hii ameifanyia mazoezi wiki nzima, anaomba aitoe. Wakamruhusu. Akaeleza alivyokuwa akipanda na kushuka ngazi kila bomba lilipopungua, na jinsi siku moja mkewe aliyeishika ngazi alivyochoka akamuuliza kwa nini chuma kisirekebishwe hukohuko juu. Walilitafuta jibu wote wawili, miaka. Alipofika mahali pa kuwasihi wasimfungie faili, aliona hapahitajiki tena. Akakaa, analia na kucheka.

Mkewe akamgeukia mkaguzi. "Samahani, mama. Barua zako zilisema ni dhahiri. Siku hizi si dhahiri tena?"

"Sasa ni dhahiri, mama. Nikikitazama nashangaa kwa nini hakikuwepo siku zote. Lakini kabla yenu hakuna aliyekiona, hata mimi niliyekuwa nimesimama chini yake."

Yule mama akafungua kitambaa, akamwekea kiungo mikononi na kumwonyesha pa kushika. Mama Nilijua akazungusha bomba, ncha zote mbili zikatoka pamoja, laini kabisa. Akazirudisha. Akazitoa tena, akazirudisha tena, mpaka mkuu wa kitengo akasema na yeye aachiwe kidogo.