Feni Niliyoielekeza Uani

Baba yangu hakuwa mpiga rangi. Alikuwa mrina asali huko nyikani Handeni, na mnivumilie nikianza na yeye, maana mambo ya kuvuta pumzi nilifundishwa naye. Alikuwa akipanda kwenye mzinga na kienge cha majani mabichi, moshi mzito kama ukuta, na puani amefunga kipande cha kanga kilicholoweshwa maji. Anashuka macho mekundu lakini hakohoi. Mimi niliye chini ndiye ninayekohoa kama mbuzi.

"Umesahau maji," ananiambia. "Kitambaa kikavu ni pambo tu."

Siku moja nyuki walimfukuza mpaka kwenye josho la ng'ombe, akatumbukia na nguo zake zote, akanuka dawa ya kupe wiki nzima. Lakini hayo ni mengine. Nilichobaki nacho mimi ni kile kitambaa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda nacho mfukoni. Ilikuwa gereji ya Handeni mjini, nami shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nilipewa msasa na ndoo ya maji nisugue bodi za magari. Nilisugua miezi mpaka alama za vidole zikafutika. Aliyetutawala alikuwa Fundi Mkuu, mtu mfupi, aliyemwita kila mtu "bwana mdogo", hata mzee aliyemzidi umri. Yeye ndiye aliyenishikisha bunduki. Bunduki ni kile kifaa cha kupulizia: juu kina kikombe cha rangi, chini kinaingia mpira wa upepo kutoka kwenye kompresa.

"Bwana mdogo, rangi ikitiririka, umekaa sana mahali pamoja. Ikifika kavu kama unga, umesimama mbali. Tembea nayo."

Nikafunga kitambaa changu chenye maji, nikatembea nayo. Jioni nikatema mate ya buluu. Fundi Mkuu akacheka, akanipa kikombe cha maziwa. "Kunywa yote. Maziwa yanashusha rangi kifuani."

Sijawahi kukutana na mpiga rangi wa wakati wetu asiyeamini maziwa. Tuliyanywa kama dawa. Kwamba maziwa yanakwenda tumboni na rangi iko kwenye mapafu, na hizo ni njia mbili zisizokutana, nimekuja kuelewa nikiwa na mvi.

Kutoka hapo nilipata kazi Korogwe, karakana ya magari kwenye shamba la mkonge. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mkavu, hana mzaha. Siku ya kwanza alikivuta kitambaa changu kwa vidole viwili, kama anayeokota panya.

"Hiki nini?"

"Kinga, mkuu."

"Harufu ya tina unaisikia?" Tina ndiyo ile tunayochanganya ili rangi iwe nyepesi.

"Naisikia, mkuu."

"Basi kinga yako wapi? Hiki kinazuia vumbi. Mvuke unapita humo kama mwenye nyumba."

Akanipa barakoa ya mpira yenye makopo mawili shavuni, na ndani ya makopo mna mkaa maalumu unaonasa mvuke. Akanifundisha na masharti yake. Ndevu unanyoa, maana ukiwa nazo mpira haugandi usoni. Kabla ya kazi unaziba makopo kwa viganja unavuta pumzi, isipokubana, inavuja. Ukimaliza unaifungia kwenye kopo lenye mfuniko, kwa sababu ukiitundika msumarini mkaa unaendelea kunasa na kesho umechoka. Ukisikia harufu ukiwa umeivaa, makopo yamekwisha. Na rangi ya hadena, ile ya kuchanganya na dawa ya kugandisha, alisema usiingoje harufu, sumu yake haina harufu ya kukuonya. Hiyo inataka hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka mbali. Ule mpira hatukuwa nao, basi rangi ya hadena alikataza.

Kulikuwa na neno lake jingine, alilisema kila asubuhi. "Kabla hujapuliza, tazama nani hana barakoa." Mimi nilidhani anasema juu ya waosha magari.

Nilipomaliza utumishi aliniachia ile barakoa. Nikajenga Mkumbara, kando ya barabara kuu, nikafungua kazi nyumbani. Kazi ya rangi adui yake vumbi, na malori pale hayapumziki. Gari likiwa bichi, vumbi likitua, unaanza upya. Kwa hiyo chumba cha kazi nilikiziba: nailoni darini, magunia mlangoni, na dirisha la barabarani nikalijengea tofali. Nikajisifu kwamba mimi si mjinga wa kujifungia na mvuke. Nikafunga feni kubwa kwenye dirisha la nyuma, isukume yote nje. Nje yenyewe ni uani. Uani ndiko mke wangu, Mama Zaina, alikokaa kutwa na jiko lake la vitumbua. Kwamba ule mvuke haukushika moto ukatuunguza, hiyo ni bahati tu.

Na rangi nilipuliza ya hadena, nisiwafiche. Wateja waliitaka, inang'aa.

Maziwa tuliletewa na yeyo mmoja, mama wa Kimasai, vikombe viwili kila siku ya kazi. Kimoja changu, kimoja cha Mama Zaina.

"Baba Zaina, mimi sijashika rangi. Maziwa ya nini?"

"Kunywa. Harufu inakufikia."

"Kama inanifikia, si uihamishe?"

Tukacheka wote. Nilicheka, wanangu.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Alipokwenda kwa binti yetu Zaina kule Magoma kusaidia mavuno, kikaisha. Aliporudi, siku ya tatu kikarudi, na filimbi kifuani. Nikasema vumbi la barabara. Nikaongeza maziwa. Mwisho ikawa akibeba ndoo anasimama mara tatu, ndipo nikampeleka hospitali.

"Mzee, kazi yako nini?" daktari akauliza, kijana wa umri wa Zaina.

"Napiga rangi nyumbani. Lakini navaa barakoa, tena nzuri."

"Na mama anavaa nini?"

Daktari akasema kifua kimeshaharibika. Dawa zitamsaidia, hazitamrudishia pumzi yake ya zamani, na akiendelea kuvuta ile hewa atabaki hana kabisa.

Hapa ndipo pananiumiza kuandika. Sikuacha siku ile. Chumbani mlikuwa na gari, nikasema nilimalize. Likaja jingine. Nikamwambia awe anapikia kwa jirani. "Nikapike kwa watu kwa ajili ya gari la watu?" akaniuliza. Nikawasha feni.

Sasa tunaishi Kerenge, kwa kulima. Natembea polepole ili asione kwamba namngoja. Watu huniuliza kazi ile ilinipa nini, nami nina mapafu mazuri kwa umri wangu, hilo ndilo jibu.

Siku ya mwisho ya kazi ile nilikuwa nusu ya mlango wa gari jeupe. Umeme ukakatika. Kompresa ikanyamaza, feni ikanyamaza, na katika ule ukimya nikamsikia. Anakohoa, anatafuta hewa, anakohoa tena. Alikuwa akikohoa hivyo siku zote nikiwa kazini, na mashine zangu zilikuwa zikimfunika.

Bunduki yenye rangi ya hadena haiachwi bila kuoshwa, inaganda kuwa jiwe. Niliiweka juu ya debe kama ilivyo. Nikatoka uani, nikavua barakoa, nikavuta ile hewa yake. Ilinikwaruza koo mpaka machozi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nyanyuka, Mama Zaina."

Nikamwaga maji mekoni, nikamshika mkono, tukashika njia. Tulipofika barabarani umeme ukarudi. Nikaisikia kompresa ikinguruma peke yake, na feni ikianza kuzunguka. Sijui nani alizizima.