Barua Niliyoikataa Kigangoni

Siku tuliyoondoka Ngara, katekista wa kigango chetu, kanisa letu dogo la kijijini, alikuja nyumbani na daftari kwapani, akaniuliza kama tumekwisha kuandikiwa barua ya kuhama. Nilimjibu kwamba barua ya kuhama ni ya watu wanaohama, na kwamba sisi tunakwenda Biharamulo kwa matibabu. Mume wangu alikuwa amepatwa na kiharusi majuma mawili kabla ya hapo. Mkono na mguu wa kushoto haikuwa na nguvu tena, na mdomo ulikuwa umekwenda upande. Kijana wetu, anayelima mahindi Nyamigogo, huko huko Biharamulo, alikuwa amekuja kutuchukua. Katekista akasema barua haina uzito, nikae nayo tu mfukoni. Nikamwambia asinizikie mume wangu angali hai. Akafunga daftari lake, akaenda zake.

Nimemwamuru mjukuu wangu ayaandike maneno hayo kama yalivyotoka kinywani mwangu, kwa sababu kosa lilikuwa langu na sitaki lipunguzwe.

Sikuikataa barua kwa kutojua. Nilikuwa nimeiongoza jumuiya yetu ya Kabanga, huko Ngara, kwa miaka mingi bila kujua kusoma hata herufi moja, nikizishika kichwani zamu zote za kusali nyumba kwa nyumba huku katibu akiandika. Nilijua kwamba anayehama huandikiwa na mwenyekiti wa jumuiya kuwa anafahamika, katekista akaweka sahihi, paroko akagonga muhuri. Karatasi hiyo hupelekwa kwa paroko wa ugenini, naye humkabidhi mtu huyo kwa jumuiya ya majirani zake wapya. Wageni waliokuja kwangu bila barua niliwarudisha walikotoka. Nilichokataa ni kusema kwa kinywa changu kwamba mume wangu hatairudia migomba yake.

Majuma yakawa miezi, wala mkono haukuinuka. Jumuiya ya Nyamigogo husali kila Alhamisi katika nyumba ya mwanajumuiya mmoja, kisha nyumba inayofuata hutangazwa. Kijana wetu ameokoka na anasali katika kanisa lingine, kwa hiyo nyumba yake haikuwa katika orodha. Nilihudhuria, nikakaa nyuma. Mwenyekiti, mwanamke wa umri wa binti yangu wa mwisho, alinipa shikamoo na kiti, akaniita mgeni wetu. Alinieleza kwa adabu kwamba bila barua hawezi kutuandika. Alhamisi moja walisali kwa jirani wa upande wa mashariki, Alhamisi iliyofuata kwa jirani wa magharibi. Mume wangu, aliyelala karibu na dirisha, alizisikia nyimbo kutoka pande zote mbili. Kwa ulimi wake mzito akaniuliza kama sasa wanakuja kwetu. Nikamwambia wanakuja. Nilimdanganya hivyo zaidi ya mara moja.

Walikuwapo walionong'ona kwamba Kiswahili chetu kina lafudhi ya ng'ambo ya mpaka. Mwanamke mmoja akaniuliza waziwazi kama tulisahaulika wakati kambi ya wakimbizi ya Lukole ilipofungwa. Nilimjibu kwamba Lukole ilipojaa watu, mimi nilikuwa na watoto sita katika shamba langu mwenyewe.

"Usikasirike, Bibi," akasema huku akicheka. "Hapa sote tulitoka mahali."

Padre wa huko alikuja akampaka mgonjwa mafuta matakatifu. Yeye hakudai karatasi. Lakini maziko ni kazi ya jumuiya. Jumuiya ndiyo inayochimba, inayobeba, inayopika, inayoimba na kukesha na wafiwa. Mume wangu alilijua hilo kama mimi. Asubuhi moja akaushika upindo wa kitenge changu kwa mkono wake mzima, akaniuliza:

"Watakaonifukia mimi ni akina nani?"

Kijana wetu alisikia. Akasema kanisa lao litamzika baba vizuri na halihitaji barua ya mtu. Alisema kwa wema, nami simlaumu. Mume wangu aligeuza uso ukutani, hakula siku hiyo wala siku iliyofuata. Siku ya tatu nikaondoka.

Nilibadilisha gari Lusahunga, nikabadilisha tena Benaco, nikafika Kabanga jua likielekea kuzama. Mwenyekiti wa sasa ndiye aliyekuwa katibu wangu. Nilimkuta akiwafunga mbuzi wake. Akanisalimu kwa cheo ambacho si changu tena.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua barua."

"Ile ya watu wanaohama?" akauliza, na macho yake yakacheka. Katekista alikuwa amewasimulia wote. Nilistahili.

Alinipa kiti, akaniuliza hali ya mgonjwa, kisha akanieleza jambo ambalo sikulitarajia. Tangu tulipoondoka, zamu ya nyumba yetu ilikuwa imefika mara mbili. Mara zote mbili walikwenda. Walifagia uwanja, kila mtu akabeba kigoda chake, wakasali barazani mlango ukiwa umefungwa kwa kufuli, wakamtaja mume wangu kwa jina. Baadhi walishauri nyumba irukwe kwa kuwa haina mtu. Yeye alikataa, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba zamu hairukwi.

Kule alikolala walikuwa wakimpita, na huku walikuwa wakimwombea mbele ya nyumba isiyo na mtu. Nikiichukua barua, sala ile ya barazani itakoma, maana mtu hawezi kuandikwa katika jumuiya mbili. Nisipoichukua, atazikwa kama mtu aliyeokotwa njiani. Nilitamani mtu mwingine aamue, lakini hakuwapo.

Mwenyekiti alitoa kalamu. "Niandike kwamba mmekwenda kwa muda? Kwa muda, watawapokea kama wageni."

"Wageni tumekwisha kuwa," nikamwambia. "Andika kwamba tunahama."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Hatarudi."

Akaandika polepole. Nikabonyeza dole gumba langu kwenye wino na kisha kwenye karatasi. Halafu akalifungua daftari la jumuiya, akaweka rula, akapiga mstari. Sijui kusoma, lakini najua mstari uliopigwa juu ya jina. Katekista, tulipomfuata, aliweka sahihi bila kunikumbusha chochote, ingawa ningependa anikaripie. Paroko alikuwa amekwenda kigango cha mbali, ikanibidi kulala. Ufunguo wa nyumba yangu ulikuwa kiunoni mwangu, nami nikaomba malazi kwa jirani, kwa sababu sikuweza kuufungua mlango ule. Muhuri uligongwa kesho yake saa sita mchana.

Nilimkuta mume wangu hai. Paroko wa huko aliipokea barua, akachukua namba za ubatizo na tarehe ya ndoa kutoka katika vyeti vyetu, akaandika katika kitabu chake, kisha akaipeleka barua kwa mwenyekiti. Alhamisi mwenyekiti aliisoma barua mbele ya wanajumuiya wote, wakatupigia makofi, majina yetu yakaandikwa mwisho wa orodha. Zamu yetu ingefika baada ya majuma tisa. Hakukuwa na dhuluma hapo. Mimi mwenyewe ningetuweka mahali hapo hapo.

Lakini yeye hakuwa na majuma tisa. Uji ulianza kumshinda, ukitoka pembeni mwa mdomo nilipomnywesha. Jumapili baada ya Misa nilimfuata yule mwanamke aliyeniuliza habari za Lukole, maana zamu ya Alhamisi iliyokuwa inakuja ilikuwa yake. Katika miaka yangu ya uongozi hakuna niliyemruhusu kubadilishana zamu, hata mwenye mgonjwa. Niliwaambia kwamba Mungu anajua orodha. Nilisimama mbele ya mwanamke yule na nikaona ulimi wangu haujazoea kuomba.

"Nipe zamu yako, mwanangu. Mzee hataifikia ya kwake."

Hakuniuliza neno. "Chukua, Bibi. Mimi nitapata nyingine."

Nilikwenda kumwambia mume wangu kwamba wanakuja Alhamisi, na kwamba mara hii ni kweli. Sijui kama alisikia. Alifariki Jumanne, kabla ya adhuhuri.

Barua ilifanya kazi yake yote. Wanaume ambao hatukuwahi kupeana nao mkono walichimba kaburi nyuma ya nyumba ya kijana wetu, kwa kupokezana jembe. Wanawake walileta kuni, maji na unga, wakakesha nasi wakiimba. Padre aliadhimisha Misa. Kijana wetu alisimama nje ya mzunguko wa waimbaji, kisha akaingia akalibeba jeneza pamoja nao. Hakuna aliyesema kwamba tunazika mgeni.

Kaburini, kabla ya udongo, ni desturi mwenyekiti aseme machache juu ya marehemu. Yule mwenyekiti alinisogelea akiwa na barua yetu mkononi, akaniinamia sikioni. Barua ilikuwa na jina, namba na muhuri.

"Bibi, unisamehe. Niseme nini juu yake? Hakuna kati yetu aliyewahi kuongea naye."

Nikamwambia akae, nitasema mwenyewe. Nilisimama nikisaidiwa na fimbo. Nikasema kwamba huyu alikuwa mume wangu. Kwamba alilima migomba na hakusogeza mpaka wa mtu. Kwamba alikuwa mkimya nyumbani, ila kanisani aliimba kwa nguvu kuliko wote, na sauti yake ilikuwa mbaya sana. Baadhi yao walicheka kidogo, wakajizuia. Nikawaambia wasijizuie. Kisha nikasema lile lililobaki.

"Hamkumjua, wala si kosa lenu. Alitaka kuja kwenu mapema. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Nikachota udongo, nikautupa. Nao wakanifuata mmoja mmoja, watu ambao hawakuwahi kuiona sura yake ikiwa hai, kila mmoja na udongo wake mkononi.