Maombi Yaliyoingia Kwenye Mtihani Wangu wa Kiingereza

Aibu hii nimeikalia karibu mwaka mzima, na ningeendelea kuikalia kama si mdogo wangu kuanza kuisimulia vibaya huko mtaani, akiongeza chumvi eti nilizimia mbele ya watu (sikuzimia, nilikaa tu chini), kwa hiyo bora niiseme mwenyewe muipate ilivyo.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipata nafasi kwenye chuo kimoja Marekani, pamoja na ufadhili wa masomo, ila kwa sharti kwamba nifanye mtihani wa Kiingereza na matokeo yawafikie kabla mwezi haujaisha. Mimi niliyesoma fizikia na kemia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza! Lakini sharti ni sharti, matokeo yasipofika nafasi inakwenda kwa mwingine na ufadhili unaondoka nayo. Ungeweza kufanyia kwenye chumba cha mtihani pale mjini, au ukafanyia nyumbani kwa kompyuta, kamera ikikutazama mwanzo mwisho. Nikachagua nyumbani, nikijiona mjanja.

Kwetu ni juu ya Tengeru, kwenye migomba, na intaneti huko inakuja ikijisikia, kwa hiyo nikashuka mjini, kwa shangazi yangu Njiro. Masharti niliyasoma mara tatu: uwe peke yako chumbani, usiongee na mtu, usiinuke, macho yasitoke kwenye skrini, hata masikio yaonekane (nilisuka nywele upya ili niyaache wazi). Shangazi akazima redio, akamfungia jogoo stoo. Ufunguo wa chumba ulipotea zamani, basi nikaandika karatasi, MTIHANI UNAENDELEA, USIINGIE, nikaibandika mlangoni nikasema itatosha.

Sasa sikilizeni nilipoharibu. Jioni ya kuamkia siku hiyo mama alipiga simu akauliza, "Unaanza saa ngapi hasa?" Nikamjibu, "Saa nne kamili asubuhi, mama, niombeeni." Ni hivyo tu. Nilichosahau ni kwamba kwetu mtu akilazwa, akienda jeshi, hata akinunua pikipiki, jumuiya ya kanisa inamfuata alipo na kumwekea mikono kichwani. Kumwombea mtu ukiwa mbali ni kwa ajili ya shida ya usafiri, na siku ile usafiri ulikuwepo, maana jirani yetu mmoja alitoa gari lake la Noah.

Kusoma nikamaliza, kusikiliza nikamaliza, kuandika nikamaliza, na kwa kweli nilikuwa naenda vizuri. Ikabaki sehemu ya kuongea. Swali likaja: elezea mahali tulivu unapopenda kukaa peke yako. Nikaanza kuwaeleza Wamarekani kuhusu kona moja nyuma ya nyumba yetu, kwenye mibuni, ambako mtu hafiki, na hapo hapo nikasikia tenzi inaimbwa getini. Nikaongeza sauti. Tenzi ikaingia uani, ikaingia sebuleni, halafu mlango wangu ukafunguliwa.

(Shangazi alijitetea baadaye: "Wewe, ningemzuiaje Bibi Anaeli? Si ndiye aliyenifundisha kipaimara?" Na ile karatasi je? Eti bibi aliisoma yote, akasema hiyo ni ya wageni.)

Bibi Anaeli ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, ana miaka themanini na goti bovu, na alikuwa amesimama karibu na sikio langu. Nyuma yake akina mama sita wa vitenge, na mama yangu mlangoni, machozi ya furaha yanamtoka. Najua nilitakiwa nikaze macho kwenye skrini. Lakini niambieni ukweli, nyie mngeweza? Nikainuka, nikainamisha kichwa nikasema, "Shikamoo, bibi," katikati ya Kiingereza changu, na kompyuta ikarekodi yote.

"Marahaba, mwanangu. Endelea tu na kazi yako, sisi hatukusumbui."

Wakaniwekea mikono kichwani, wote wanane, wakaomba kwa Kimeru na kwa Kiswahili, wote kwa pamoja na kwa sauti. Bibi aliiombea na kompyuta, akaifunika kamera kwa kiganja. Alipokitoa, mtihani ulishafungwa, kuna maandishi mekundu yanasema wameonekana watu wengine chumbani.

"Umemaliza?" mama akauliza.

Hapo ndipo ningesema. Nikawatazama, vumbi la njiani bado liko kwenye viatu vyao, bibi anajikanda goti, na mdomo wangu ukasema, "Nimemaliza, mama." Wakapiga vigelegele hadi mlinzi wa nyumba ya pili akaja kuchungulia. Tukanywa chai na chapati.

Ijumaa nikapata barua pepe. Matokeo yamefutwa, na nikitaka kurudia, nieleze kwa maandishi wale walikuwa nani na walifuata nini, na wao wenyewe waweke sahihi. Sikumwambia mtu. Nilidhani nikiwaandikia vizuri watalegeza, niyamalize kimyakimya.

Jumapili, bila mimi kujua, mama alikuwa amepeleka shukrani kanisani. Mwinjilisti akaniita mbele ya usharika mzima: "Binti yetu amemaliza mtihani wa Wamarekani!" Kwaya ikasimama. Nikavalishwa koti zito la baridi ya Marekani, la mitumba lakini zuri, jua likiwaka, nikasimama nalo natokwa jasho huku watu wananipa mkono. Na Bibi Anaeli akacheza. Kwa goti lile lile akacheza kutoka benchi lake hadi madhabahuni na kurudi, na mimi nikampigia makofi.

Jumatatu jibu likaja: bila sahihi hakuna kurudia. Alhamisi jumuiya ilikuwa nyumbani kwa bibi huyo huyo. Baada ya somo akauliza kama kuna mwenye neno, nikasimama, nikasema yote, kuanzia lile shikamoo hadi lile koti, na zile sahihi zinazotakiwa. Mama mmoja akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Mama yangu alikuwa anaangalia sakafu.

"Kwa hiyo tulikuharibia sisi," Bibi Anaeli akasema.

"Hapana, bibi, ni kwamba..."

"Ngoja nimalize. Tulikuharibia kwa kutokujua, hilo Mungu atatusamehe. Lakini Jumapili wewe ulijua. Ukaniacha nikacheza."

Ndipo nilipokaa chini. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Yeye akaomba kalamu, akaandika jina lake chini ya maelezo yangu pole pole, herufi moja moja, akampa karatasi aliyekaa karibu naye. Wakasaini wote wanane, mama yangu wa mwisho.

Maelezo yalikubaliwa, ila siku ya kurudia iliangukia siku tisa baada ya mwisho wa mwezi. Chuo hakikuwa kibaya: nafasi wamenitunzia hadi mwaka unaofuata, lakini ufadhili ulikwenda kwa mwingine, na bila huo nafasi ni karatasi tu. Mtihani nilirudia kwenye kile chumba cha mjini, nikafaulu vizuri. Ningefanyia kule kule tangu mwanzo, saa hizi ningekuwa darasani huko.

Siku ile ya kurudia mtihani Bibi Anaeli hakuja. Wala hakuuliza ni saa ngapi. Mama ndiye aliyeniambia, wiki kadhaa baadaye, kwamba bibi alijifungia kwake tangu asubuhi akaniombea peke yake, na akamkataza asinieleze.

Ufadhili nimeuomba upya, nasubiri jibu. Nikikutana na bibi namwamkia, anaitikia vizuri kabisa, anaulizia afya, anapita, na kuhusu Marekani haulizi tena. Naapa mbele yenu, siku hizi mtu akiniuliza jambo langu limeishaje namwambia hapo hapo, hata kama ameshanikumbatia kunipongeza.